Hewa Iliyobaki kwenye Maji

Jumatatu, 4 Machi

Dada Miwani, mwanafunzi wa shahada hapa kazini, kasema mtu wa maabara huandika kila siku. Sawa. Lakini daftari la maabara ni la kazi tu: saa, joto, dakika, sahihi. Halina mahali pa kuandika kwamba leo nimevaa shati jipya na limenikaa. Kwa hiyo nimejinunulia hili. Ni langu. Atakayelifungua bila ruhusa na ajue nimemwona.

Basi. Kazi yangu ni kuangusha sanduku.

Mtaani wananiuliza, unafanya nini kwenye lile jengo refu la chuo? Nawajibu: naondoa uzito wa vitu. Wanacheka. Wacheke! Mimi na shule tuliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili, na leo naingia chuo kila asubuhi mlinzi ananifungulia geti. Walionicheka kwenye hesabu wako wapi?

Jengo lina ghorofa saba na tundu la lifti. Lifti yenyewe haikununuliwa. Tundu likabaki wazi, sisi tukapewa. Mjomba — kaka yake Mama, ndiye aliyeniingiza hapa — ana winchi yake. Anavuta sanduku mpaka juu kabisa, linaning'inia kwa uzi, uzi unakatwa, puu! Linatua chini kwenye magodoro chakavu na mifuko ya maranda. Sekunde mbili hewani. Na ndani ya sekunde hizo mbili kila kilichomo sandukuni hakina uzito, kama kule juu angani wanakoelea watu.

Sekunde mbili ni nyingi. Mimi kwa sekunde mbili natunga uongo wa mwaka mzima.

Jumanne, 5 Machi

Nimeulizwa na Mama sandukuni kuna nini. Nimemweleza vizuri sana, nikajishangaa mwenyewe. Naandika nisije nikasahau nilivyosema.

Kuna tangi la kioo, kubwa kama tofali. Ndani maji. Ndani ya maji waya mwembamba kama unywele. Betri inapasha waya, maji yanachemka pale pale kwenye waya. Pembeni kuna kamera ya kasi.

Sasa. Sufuria ya nyumbani ikichemka, mapovu yanapanda juu, yanaondoka na moto. Daktari — ndiye bosi wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi — anasema kule angani hakuna juu. Povu litapanda kwenda wapi? Linabaki hapo hapo, linaukumbatia waya kama blanketi. Moto hautoki. Waya unawaka mwekundu, unakatika. Na vyombo vya safari ndefu vina mitambo inayopata moto, lazima vipozwe, la sivyo watu watabanikwa humo.

Dawa anayoitafuta Daktari ni sauti. Kuna kisahani kimebandikwa ubavuni mwa tangi, kinapiga sauti nyembamba hata sikio la mtu haliipati. Mbwa wa mlinzi anaipata! Tukiwasha tu anakimbilia getini analalamika. Sauti hiyo inatakiwa kuyasukuma mapovu yauachie waya.

Inatakiwa. Mpaka sasa mapovu yanasogea kidogo tu, kama mtu mnene aliyeambiwa asogee kwenye benchi.

Ijumaa tarehe 22 wanakuja wageni wenye chombo kinachokwenda angani. Nafasi iliyobaki humo ni ya sanduku moja, na vyuo vinavyoitaka ni vingi. Likichaguliwa letu, litakaa siku kumi bila uzito badala ya sekunde mbili. Daktari kaingoja siku hiyo miaka sita. Dada Miwani, mwanafunzi wake, kaingoja miwili, na shahada yake yote imo humo sandukuni.

Na mimi? Mimi ndiye wa maji. Maji yana hewa imejificha ndani, huioni. Lazima yachemshwe saa nzima kabla ya kila jaribio hewa itoke yote, kisha yafunikwe yapoe, kisha yapitishwe polepole kwa mpira mpaka kwenye tangi. Yasimiminwe! Povu letu linatakiwa liwe mvuke mtupu. Kulikuwa na kipimo cha hewa, kikaharibika, kingine hakijaletwa. Kwa hiyo kipimo ni sahihi yangu. "Yamechemka dakika 60." Kila siku naandika, nasaini na mkia mrefu kama wa waziri.

Saa nzima kulinda birika. Hata birika lenyewe linachoka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika haraka kabla sijalipamba.

Dada Miwani alikuwa na mtihani wake. Daktari akasema, leo maji ni yako peke yako. Nikajaza birika, nikachomeka, nikabonyeza. Nikakaa. Dakika tano. Ng'ambo ya barabara kuna gereji, na vijana wa gereji walikuwa wanapigiana penalti, goli lao mlango wa basi lisilo na injini. Wananiita Profesa, wale, si kwa heshima. Leo wakasema Profesa mikono yake ya kufunulia kurasa tu, hawezi kudaka.

Kwa hiyo nilikwenda. Nimedaka nne kati ya sita. Tano! Ya tano iligonga mwamba, lakini nani aliyeusukuma mpira huko?

Narudi, birika baridi kama jiwe la mtoni. Wakati natoka mbio mguu ulivuta waya wa birika, plagi ikachomoka. Zimebaki dakika kumi na mbili sanduku liangushwe, Mjomba ameshaanza kupaka winchi grisi. Nikachomeka. Maji yakapata moto, hayakuchemka. Nikayatia tangini. Daftari likauliza: yamechemka dakika ngapi? Kalamu ikaandika 60. Mimi nilikuwa naitazama tu.

Sanduku likaangushwa. Tukakaa mbele ya kompyuta kutazama picha. Waya ukapata moto, mapovu yakatokea, blanketi likaanza kujikunja — Daktari alikuwa amewasha sauti — na mapovu yakaruka! Yote! Yakajipanga mbali na waya, mstari mmoja, kama watoto wa shule waliosikia kengele. Waya safi. Joto likashuka.

Daktari alipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka. Akanishika mabega. Akasema kijana huyu ana mkono! Miaka sita, akasema, na mkono ulikuwa hapa hapa. Mjomba alivua kofia akaivaa tena.

Nilicheka na wao. Nilijisikia mrefu. Nilipofika nyumbani nimekula, nimemsimulia Mama, ametoka kuwasimulia wapangaji wote wa uani. Kichwa kimevimba.

Labda haikuwa maji. Labda ilikuwa bahati.

Jumatatu, 11 Machi

Haikuwa bahati.

Asubuhi Dada Miwani karudia mwenyewe. Kachemsha saa nzima, hakutoka hata kwenda msalani. Kafunika. Kapitisha kwa mpira tone kwa tone. Sanduku likaangushwa: mapovu yakasogea kidogo, kama benchi lile lile, blanketi likakaa, waya ukawa mwekundu, ukakatika. Alitumia wiki nzima kuusuka ule waya.

Daktari kamuuliza, umekosea wapi? Hakumuuliza kama amekosea. Umekosea wapi.

Mchana nikaambiwa nitie mimi. Nikaangalia birika, nikaangalia mlango. Hakuna mtu. Nikayapasha moto tu. Nikaandika 60.

Mapovu yakaruka. Yakajipanga.

Daktari akaniuliza mbele ya wote: wewe unafanya nini tofauti? Nikasema nayabembeleza, Daktari, maji ni kama mkwe, ukimjia kwa haraka anakasirika. Wakacheka mpaka Mjomba akashika ukuta. Dada Miwani peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta na pindo la gauni, akaivaa, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Angekuwa na hasira ningelala vizuri.

Jumatano, 13 Machi

Leo wenzangu walipokwenda kula nilibaki. Nikachukua bilauri mbili. Moja maji yaliyochemka saa nzima (kweli saa nzima, nilikaa!), nyingine maji yaliyopata moto tu. Kisahani cha akiba nikakibandika ubavuni, kwanza hii, halafu ile. Waya wa akiba ndani. Betri.

Hapa chini uzito upo, mapovu yanapanda, nilijua. Lakini niliangalia jinsi yanavyozaliwa. Kwenye maji mabichi, sauti ikiwaka tu, mapovu madogo yanatoka kila mahali kama yalikuwa yanasubiri jina lao liitwe, yanaungana, yanakimbia. Kwenye maji yaliyochemka — machache. Yanatoka kwenye waya tu, na yakitoka yanajinyonga haraka yanakufa.

Nikarudia mara tatu. Nikabadilisha bilauri isije ikawa ni bilauri. Ni yale yale.

Kwa hiyo si mkono. Ni hewa. Sauti inacheza na hewa niliyoiacha ndani ya maji, mvuke inausogeza kidogo tu, kama Dada Miwani alivyoandika tangu mwanzo. Yeye ndiye yuko sahihi. Kila alichoandika ni sahihi!

Na hili ndilo jaribio safi kuliko yote niliyofanya maishani, nimelifanya peke yangu, nimelipanga vizuri, na siwezi kumwonyesha mtu yeyote. Nimeosha bilauri. Nimezirudisha kabatini, midomo chini.

Kule angani maji hayatatiwa na mimi. Wenye chombo wana mashine yao, inanyonya hewa yote, wanaziba. Waya wetu utakatika siku ya kwanza, na siku tisa zilizobaki sanduku litakuwa mzigo.

Ijumaa, 15 Machi

Daktari kasema Dada Miwani aache kugusa sanduku. Apange picha kwenye kompyuta. Jina lake huenda lisiwepo kwenye karatasi za wageni, na kama hana jaribio la kwake lenye kueleweka mpaka wiki ijayo, atafute mada nyingine mwakani. Miaka miwili yote hiyo ianze upya. Nilikuwa nje ya mlango na ndoo. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikia.

Saa nane Dada akanijia. Nikajua anakuja kunipasua. Kumbe amebeba kalamu na karatasi. Akasema, mdogo wangu, naomba unifundishe. Fanya kama unavyofanya, hatua kwa hatua, mimi niandike. Sina aibu, akasema, aliyejua ndiye mwalimu.

Mdogo wangu! Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma grafu. Alikaa na mimi chini ya ngazi siku tatu mpaka nikaelewa mstari ukipanda unasema nini, na hakunicheka hata nilipoushika mchoro kichwa chini.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa.

Nikasema: sawa Dada, kaa hapa utazame.

Nikachemsha. Saa nzima, mbele yake, sikusogea. Anaandika. Moyoni najua nikiishia hapo waya utakatika na mkono wangu utaumbuka. Basi yalipochemka sikufunika. Nikachukua majagi mawili. Nikamimina kutoka jagi la juu kwenda la chini, mkono nimeunyoosha mpaka juu, maji yanapiga kelele, kama mtu anayepoza chai ya mgonjwa. Mara kumi na tano. Hewa yote iliyotoka nikairudisha kwa mbwembwe.

Akauliza, hewa hairudi hapo? Nikamwambia, Dada, sekunde chache tu hizo, hewa itaingia saa ngapi? Hivi ndivyo yanapoa sawasawa, juu na chini.

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena.

Siku ya birika niliteleza. Leo sikuteleza. Leo nilipanga.

Jumatatu, 18 Machi

Dada Miwani kamimina mwenyewe, majagi mawili, mara kumi na tano, kapasha tena kidogo. Sanduku likaangushwa. Mapovu yakaruka.

Alilia. Daktari kamkumbatia, kamwomba radhi mbele yetu, akasema alimhukumu haraka. Jina lake limerudi. Liko la pili, chini ya la Daktari. La tatu langu! Mtayarishaji maji, wameandika, na jina langu lote mpaka la babu. Mjomba kalisoma kwa sauti mara mbili.

Dada kaniletea kalamu ya wino. Kasema, mdogo wangu, umeniokoa.

Nimeiweka juu ya kabati. Hii ninayoandikia ni ile ya zamani.

Nilidhani nikimpa na yeye mapovu yanayoruka deni la moyo litaisha. Mjinga mimi! Kabla ya leo alikuwa mkweli aliyekataliwa. Sasa ameshikishwa uongo wangu na anautabasamia.

Jumanne, 19 Machi

Kazi kidogo. Nimefagia maranda. Sikutania mtu. Mlinzi kauliza kama naumwa.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia Mjomba. Tulikuwa juu ghorofa ya saba tunabadilisha uzi. Nilianza na penalti, nikafika kwenye majagi. Aliendelea kufunga fundo mpaka nikamaliza. Halafu akafunga jingine juu yake, ambalo halikuhitajika.

Akasema: nani mwingine anajua?

Hakuna.

Akasema basi na wewe usijue.

Nikamwambia Mjomba, kule juu waya utakatika. Akasema kule juu ni mbali, sisi tuko hapa. Akasema nilimwomba Daktari kazi yako nikiwa nimeshika kofia mikononi, nikamwambia kijana wa dada yangu ana mdomo lakini si mwongo. Ukifungua huo mdomo Ijumaa tunafungasha wote wawili, na huyo binti unayemwonea huruma ndiye utamzamisha wa kwanza, maana na yeye kamimina. Umelikoroga, akasema, usitugawie vikombe.

Alikuwa hapigi kelele. Mjomba asipopiga kelele ujue mambo yameharibika.

Nikauliza, na kama ungekuwa wewe? Akasema mimi ningelinda birika.

Alhamisi, 21 Machi

Nimejaribu kumwambia Daktari mara tatu.

Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili nikagonga, akasema ingia mwanangu, nikasema nilikuja kuuliza kama kesho nivae koti jeupe. Akasema livae, tena lipigwe pasi. Mara ya tatu nilifika mlangoni nikasikia anaimba. Yule mama! Anaimba peke yake, vibaya sana, anapanga viti vya wageni.

Mimi ninayejibu kabla ya kuulizwa. Mimi niliyewahi kumjibu mwalimu mkuu mpaka akasahau kosa langu. Maneno mawili tu, maji hayakuchemka, na ulimi umekuwa gogo.

Mama amepiga pasi koti. Ameliweka kwenye kiti kama mtu amekaa.

Nimeamua. Kesho nachemsha saa nzima, nafunika, napitisha kwa mpira. Simimini. Jagi moja nitalificha. Wataona wenyewe.

Nimesoma tena nilichoandika. "Wataona wenyewe." Yaani niuache waya useme badala yangu, mbele ya wageni, na Dada Miwani ndiye atakayekuwa amekaa kwenye kiti cha kubonyeza kitufe. Hata ukweli wangu nimeupangia njia ya uchochoroni.

Ijumaa, 22 Machi

Saa nne na robo. Niko kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, ndani ya koti jeupe. Daftari hili nilitoka nalo nyumbani, sijui kwa nini.

Wageni wamefika, wawili, mwanamume mwenye begi na mwanamke asiyesema sana anayeandika kila kitu. Wameuliza maji yanatayarishwaje. Daktari kasema kwa fahari, kuna utaratibu, kijana wetu atawaonyesha. Maji yako kwenye birika chini, yanachemka kweli, bado dakika ishirini. Nimetumwa juu kukagua ndoano ya kuning'inizia sanduku. Nimekagua. Nimeshuka mpaka hapa nikabaki. Jagi la pili liko hapa miguuni kwangu, nimelipandisha ndani ya ndoo chini ya tambara.

Kwenye kila ghorofa kuna uwazi wa kuchungulia tundu la lifti. Nikiinama naona mpaka chini: magodoro, meza, kichwa cha Mjomba.

Nasikia viatu vinapanda. Vya nani

Saa nne na nusu na dakika tatu. Nimekatizwa pale, naendelea.

Ilikuwa Dada Miwani. Kapiga pasi hata utepe wa nywele. Kasema, nimetafuta jagi la pili kila mahali, wageni wanataka kuona unavyopoza. Akaona ndoo. Akaona tambara.

Nikamwambia.

Nimemwambia yote, nimekaa, yeye amesimama ngazi mbili chini yangu, kwa hiyo nyuso zilikuwa sawa. Birika, plagi, penalti. Bilauri mbili. Majagi. Nilisema haraka haraka kama anayetapika, na mwisho nikasema wewe ulikuwa sahihi Dada, ulikuwa sahihi siku zote, naapa. Kama vile hiyo ni zawadi.

Alikaa. Aliuliza: bilauri zote mbili joto lilikuwa sawa? Nikasema sawa. Ulirudia? Mara tatu. Ulibadilisha bilauri? Nilibadilisha. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya grafu ikikaa vizuri. Nilidhani atanisifu! Kwa nukta moja nilidhani hivyo.

Halafu akasema: nilijua.

Akasema, siku ile ulipomimina, nilijua hewa inarudi. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua. Nilijiambia labda sekunde chache si kitu. Nilijiambia nilivyotaka.

Nikaisogeza ndoo upande wake.

Kutoka chini Daktari akaita, sauti ikapanda tundu lote: maji yameiva huko? Wageni wanasubiri!

Nikasema Dada, nashuka nikaseme mimi, mwanzo ni wangu. Akasema ngoja. Akasema nipe dakika nifikiri. Akasimama, akakunjua tambara, akachukua jagi, akashuka nalo. Hakunitazama. Viatu vyake vilikuwa vinashuka kimoja kimoja, kama vya mtu anayehesabu.

Sasa naandika nimeinama kwenye uwazi, daftari juu ya goti. Naona juu ya vichwa vyao. Mgeni mwanamke ametoa kalamu. Mjomba ameshika mkono wa winchi, anatazama ukuta. Daktari anaeleza, mikono inapaa.

Dada Miwani yuko mezani. Mkono mmoja jagi lenye maji, mvuke unatoka. Mkono mwingine jagi tupu. Hajamimina. Hajaliweka chini pia.

Ameinua uso. Anapekua uwazi mmoja mmoja, ghorofa ya kwanza, ya pili, ananitafuta —